Muujiza Ulioishia kwa Mdai

Somo la wiki: 2 Wafalme 4:1–7

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu.

Habari ya mjane na chupa ya mafuta tumeihubiriwa mara nyingi: mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, nabii Elisha anamwambia aazime vyombo kwa majirani, na mafuta ya chupa moja yanavijaza vyote. Kwa kawaida mahubiri yanaishia pale vyombo vinapojaa. Tunasema amina, tunakwenda zetu. Lakini vyombo vilipojaa, yule mama alikuwa bado anadaiwa kama alivyokuwa anadaiwa asubuhi yake. Ndiyo maana anarudi kwa Elisha kumpa taarifa, na Elisha anamwongezea maagizo: nenda ukayauze mafuta, ulipe deni lako, kisha wewe na wanao muishi kwa kitakachobaki. Mungu angeweza kumsahaulisha mdai, au kumzuia njiani asifike. Hakufanya hivyo. Muujiza ulipitia sokoni ukaingia mkononi mwa yule yule aliyekuwa anakuja kuwachukua watoto.

Nimelitazama hilo wiki nzima, maana sisi tukiwa na madeni huwa tunaomba tofauti. Tunaomba mdai asipige simu. Tunaomba fedha zitokee mahali tusipopajua. Ni nadra kumsikia mtu kwenye maombi akiomba ujasiri wa kumtafuta mdai wake yeye mwenyewe kabla hajatafutwa.

Angalieni pia Elisha alivyompokea. Marehemu mume wake alikuwa mcha Mungu, mama anasema hivyo waziwazi, na bado alikufa akiacha deni. Maandiko hayatuambii alikopa kwa ajili ya nini. Nabii naye haulizi. Hasemi, "Mlizitumia wapi?" Anauliza swali moja la maana: una nini nyumbani? Wengi wetu tungeanza na lile la kwanza, na ndiyo sababu waumini wenye madeni hawatuambii kitu.

Wanaficha, na kuficha kuna gharama yake. Simu inaita, namba ni ngeni, mtu anaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kula kama hakuna kilichotokea. Mwenzake anamwona, haulizi. Ujumbe wa madai unafutwa bila kusomwa, kwa hiyo hajui kama adhabu ya kuchelewa imeshaongezwa au la. Anayemdai akisali ibada ya kwanza, yeye anahamia ya pili. Haya yote yanafanyika huku riba ikihesabu siku, Jumapili ikiwemo. Mithali 6:1–5 inamwambia aliyenaswa kwa kumdhamini mwenzake aende haraka, ajinyenyekeze, amsihi jirani yake, asiyape macho yake usingizi mpaka ajiopoe kama paa mkononi mwa mwindaji. Hakuna mahali inapomwambia akae kimya amngojee Bwana.

Kwa hiyo wiki hii ninaomba kila anayedaiwa achukue daftari. Aandike madeni yote, hata lile dogo la rafiki ambalo rafiki mwenyewe halitaji tena. Kwa kila deni aandike anayemdai, kiasi kilichobaki, riba yake, tarehe ya marejesho, na nini kitatokea akichelewa. Kama ameoa au ameolewa, waandike wawili, taa ikiwa inawaka na simu zikiwa mbali. Najua ukurasa huo unaogopesha. Nimewaona watu wazima wakishindwa kuandika mstari wa tatu. Ila mjane naye ilibidi aseme kwa kinywa chake, "sina kitu nyumbani," kabla ya kukumbuka ile chupa.

Safu ya riba ndiyo ya kuitazama kwa makini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapolipa miaka bila kuondoka walipo. Chukua deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba inayohesabiwa juu ya kinachobaki. Ukilipa 10,000 kila mwezi, baada ya mwaka umetoa 120,000 na bado unadaiwa 100,000 kamili. Ulikuwa unalisha riba tu. Ukilipa 15,000, mwezi wa kumi na mbili unatoa kama 8,000 za mwisho na deni limekwisha. Tofauti ni 5,000 kwa mwezi. Na ukijificha mwaka mzima bila kulipa chochote, riba ikizaa riba, deni linafika karibu 314,000, hapo adhabu hazijahesabiwa. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Ukipiga hesabu hiyo kwa deni lako mwenyewe utaona kwamba msemaji hakuwa anatia chumvi.

Sasa lipi lianze? Chakula, makazi na dawa haviguswi, na madeni yote yapewe angalau kile kiwango cha chini kinachotakiwa ili adhabu zisiongezeke. Kile cha ziada, hata kiwe kidogo, kielekezwe kwenye deni moja tu. Kwa hesabu tupu, uanze na lenye riba kubwa kuliko yote, maana ndilo linalokula zaidi. Wapo wanaopendelea kumaliza kwanza lile dogo kabisa ili wapate moyo wa kuendelea, na mimi siwapingi: mtu aliyekata tamaa anahitaji kufuta mstari mmoja kwenye daftari kuliko anavyohitaji hesabu nzuri. Lakini kama deni lako la riba kubwa ni la asilimia 10 kwa mwezi, tafadhali usimalize mengine kwanza kwa ajili ya moyo. Likiisha moja, ile pesa uliyokuwa unalilipa isirudi kwenye matumizi. Ihamie kwa linalofuata.

Halafu ile simu. Mpigie mdai kabla tarehe haijapita, si baada yake. Mwambie unaweza kulipa kiasi gani na lini, na utaje kiasi ambacho kweli utakitoa. Ahadi kubwa inayovunjwa ni mbaya kuliko ndogo inayotimizwa. Omba marejesho yapangwe upya, uulize kama adhabu zinaweza kupunguzwa, na mkikubaliana upate maandishi. Tunza kila risiti. Wakopeshaji wengi wako tayari kubadilisha ratiba kuliko kuingia gharama za kukufuatilia, ingawa si wote, na yule anayekutisha au kuwatangazia watu unaofahamiana nao kwamba unadaiwa, usikubali kupambana naye peke yako. Tafuta mtu anayeijua sheria, au ofisi inayosimamia wakopeshaji.

Kukopa ili kulipa deni jingine kunafaa katika hali moja: mkopo mpya uwe na riba ndogo kweli, ada zote zikiwa zimejumlishwa, na madeni ya zamani yafungwe siku hiyo hiyo. Nje ya hapo umeongeza mdai.

Kuna jambo ninalolisema nikijua halitawapendeza wote. Mtu mwenye deni akija kwetu akilia, wapo watakaomwambia apande mbegu, atoe sadaka kubwa ili mlango ufunguke. Humtajia mjane wa Sarepta, aliyempa nabii Eliya mkate wa kwanza na unga wake haukuisha. Lakini mjane wa Sarepta hatuambiwi kwamba alikuwa na mdai mlangoni. Huyu wa leo alikuwa naye, na Elisha hakumwomba hata kikombe kimoja cha yale mafuta. Alimwambia alipe deni. Zaburi 37:21 inamhesabu asiye haki kuwa ni yule akopaye asilipe; fedha iliyo mkononi mwako ambayo tarehe yake ya marejesho imefika ina mwenyewe. Suala la zaka kila mtu alimalize mbele za Mungu na dhamiri yake. Ninachokataa ni kumfanya mtu atoe kwa hofu, tena fedha ya mwenzake.

Na majirani je? Katika habari hii hawakutoa fedha. Walitoa vyombo vitupu, vingi, na huenda hawakujua vya kazi gani, kwa sababu mlango ulifungwa na mafuta yalimiminwa ndani, mama na wanawe peke yao. Nadhani huo ndio msaada ambao ushirika wetu unauweza hata usipokuwa na mfuko mkubwa. Kukaa na mtu jioni moja mkilipitia daftari lake, na yaliyomo yasifike kwa mtu wa tatu. Kumsindikiza kwenda kuonana na mdai, maana mkiwa wawili sauti haitetemeki sana. Kununua anachouza, kwa bei yake, bila kuomba apunguze. Kumtazamia watoto ili afanye kazi ya ziada. Kumwomba asichange kwenye sherehe mwezi huu, na kumwambia mapema, kabla hajaanza kutafuta pa kukopa. Toa, naye Bwana atajua vyombo vyako vilitumika kwa nini.

Baadhi yetu ndio tunaodai. Sheria ya Musa ilikuwa na maneno kwa mdai pia: katika Kumbukumbu 24 anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo riziki ya mtu, na akienda kuchukua rehani asiingie ndani ya nyumba, asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Akiwa maskini, vazi lake lirudishwe jua linapokuchwa apate kujifunika alale. Karne nyingi baadaye Nehemia aliwakuta Wayahudi wakiwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme, na waliokuwa wanawakopesha ni ndugu zao. Alikasirika sana, akakiri kwamba yeye na watu wake nao walikuwa wakikopesha, kisha akawataka wakuu warudishe mashamba na ile riba ya sehemu moja ya mia waliyotoza, siku hiyo hiyo.

Kama kuna mwenzako kwenye ushirika unayemdai na amekuwa akikukwepa, usingoje ajikaze. Mtafute pembeni, mbali na masikio ya watu, umwambie unajua hali ni ngumu na kwamba uko tayari kupokea kidogo kidogo. Kama unaweza kusamehe sehemu, taja kiasi hicho hapo hapo, akiandike kwenye daftari lake.