Riwaya iliyoninyima usingizi

Jana umeme ulikatika saa tatu usiku, nikaendelea na riwaya yangu kwa tochi ya simu. Ni habari za zimwi la kale lililolala chini ya mji mdogo, likaamka na kuanza kuchukua mtu mmoja mmoja. Kilichonitisha hasa si damu. Ni wazee wa mji, wanaojua kila kitu na wananyamaza. Nilipofika pale mama anamwita mwanawe kisimani, na sauti inayoitika si ya mtoto, mjusi kafiri akalia ukutani juu ya kichwa changu. Nilipiga ukelele!

Bibi akauliza kutoka chumba cha pili, "Mjukuu wangu, una nini?" Nikamsimulia. Akasema, "Zimwi si lilikuwa huko Tendaguru?"

Usingizi ukaisha kabisa. Tendaguru ni kilima cha huku kwetu Lindi kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale. Mijusi ile iliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Wajerumani waliisimamia kazi ya kuchimba mifupa kuanzia 1909 hadi 1913, lakini waliochimba na kuibeba ni babu zetu, siku kama nne kwa miguu hadi hapa Lindi bandarini. Mjusi mmoja amesimama Berlin mpaka leo, kimo chake kinapita mita 13.

Nikakaa dirishani nikiwawaza wale wapagazi: usiku, porini, moto unafifia, na kando yao mzigo wa mfupa wa mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Jamani, hiyo ndiyo riwaya ninayoitamani, na iandikwe na mtu wa huku kwetu.