Milimita 32

Mama alifundisha hisabati maisha yake yote. Alipostaafu akatundika mzinga wa viunzi, yaani wenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu ili nyuki wajenge sega chini ya kila kimoja, kwenye mgunga nyuma ya nyumba yetu, Mkonze, pembeni mwa mji wa Dodoma. Waya za kuning'inizia alizipaka grisi kuzuia sisimizi, na mvua zilipokolea nyuki wakaingia wenyewe.

Mwezi wa sita akasema asali imeiva. Nilikuwa likizo, basi nikakabidhiwa bomba la moshi, nikavaa koti la mvua na kujifunga chandarua kichwani. Tukafungua saa saba mchana, eti tuone vizuri.

Kiunzi cha kwanza kilitoka bila shida. Cha pili kikagoma. Mama akakivuta kwa nguvu, na hapo ndipo tulipoona kwamba sega halikufuata kiunzi. Lilikatisha mshazari na kushika viunzi vitatu kwa pamoja. Likakatika, asali na majana, yaani watoto wa nyuki, vikamwagika chini. Ghafla nikasikia harufu ya ndizi mbivu, na ndizi hatukuwa nazo. Kumbe nyuki akishauma, mwiba wake hutoa harufu hiyo, nayo huwaita wenzake waje kuuma palepale. Siku hiyo sikuhitaji maelezo, nilitimua mbio.

Mbuzi wa jirani walikuwa wamefungwa kamba karibu na hapo. Aliyewakatia kamba kwa panga, kajitanda blanketi gubigubi, ni mzee mmoja wa mtaani, mtu wa Manyoni aliyekulia kwenye mizinga ya magogo pori la Itigi. Mbuzi mmoja hakupona.

"Mwalimu, nyuki na jua la saa saba wapi na wapi?" alimwuliza Mama. "Subiri giza, nitakuja."

Alikuja kweli. Akawasha magunzi, akapuliza moshi kidogo, akangoja, akapuliza tena. Sijawahi kumwona mtu asiye na haraka kiasi kile. Alikata masega yaliyofunikwa nta nyeupe tu, yenye majana hakuyagusa, na upande mmoja wa mzinga akauacha na asali yake. Mama akataka na ile.

"Mpaka Novemba hakuna mvua, Mwalimu. Watakula nini? Wakiona njaa watahama."

"Sawa, mzee wangu."

Asubuhi Mama, jicho moja limevimba, akachukua rula akapima upana wa viunzi. Milimita 40! Nyuki wetu wa Afrika hujenga masega yao kwa nafasi ya milimita 32 hivi, kutoka katikati ya sega hadi katikati ya jingine. Hata wale wa Ulaya, wakubwa zaidi, hawazidi sana 35. Ukiwapa upana usio wao, wanajijengea wanavyojua. Fundi seremala akajitetea kwamba aliongeza kidogo ili viwe imara. Mama alimsimamia hadi akaranda vyote, kimoja kimoja, rula mkononi.

Mwenye mbuzi alikubali kulipwa asali. Akaonja, akalamba kidole, kisha akatukumbusha kwamba yule mbuzi alikuwa na mimba.