Ukungu Uliotoka Mchafu: Majaribio ya Gradienti na Uwazi

Kwa siku kadhaa nilikuwa nikichora kilima chenye ukungu miguuni mwake, na kila nilipoupaka ukungu ule ulitoka na ukingo mchafu, wenye rangi ya maji yaliyofuliwa nguo, badala ya kuyeyuka taratibu katika anga la samawati hafifu. Nilibadilisha rangi ya anga, nikapunguza ukubwa wa ukungu, nikaongeza ulainishaji wa kingo, na uchafu ukabaki palepale. Mwishowe niliuweka mchoro kando, nikafungua ukurasa mtupu katika Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, na kuamua kuchora vitu visivyo na uzuri wowote: mistatili, miduara na rangi zenye namba ninazozijua. Mchoro mzuri haufai kwa majaribio, kwa sababu jicho hushughulika na kilima na kusahau kutazama rangi.

Jaribio la kwanza lilikuwa mstatili mmoja juu ya ukurasa mweupe. Niliupa gradienti ya mstari, yaani rangi inayobadilika polepole kutoka kituo kimoja hadi kingine, nikaweka nyeupe isiyopenyeka upande wa kushoto na uwazi kamili upande wa kulia, kama nilivyofanya kwenye ukungu. Kwa akili ya kawaida, nyeupe inayofifia juu ya nyeupe haipaswi kuonekana hata kidogo. Lakini katikati ya mstatili palijitokeza utusitusi wa kijivu, na nilipogusa mahali hapo kwa zana ya kunyonya rangi, ile yenye umbo la bomba la dawa ya macho, nilisoma 191 katika nyekundu, kijani na bluu, ilhali nyeupe ya ukurasa ni 255.

Namba hiyo ndiyo iliyofichua kosa langu. Kwenye kituo cha kulia nilikuwa nimechagua nyeusi yenye uwazi kamili, nikidhani kwamba kitu kisichoonekana hakina rangi. Katika SVG, ambayo ndiyo fomati asilia ya Inkscape, kila kituo huhifadhi mambo mawili mbalimbali, rangi na kiwango cha kupenyeka, na programu huyasogeza yote mawili kwa wakati mmoja, kila moja kwa hesabu yake. Nusu ya njia kati ya nyeupe na nyeusi ni kijivu cha 128, na nusu ya njia kati ya kuonekana kabisa na kutoonekana kabisa ni nusu. Basi kijivu hicho kikilazwa nusu kwa nusu juu ya ukurasa wa 255, jibu ni 191 na ushei. Nyeusi niliyodhani haipo ilikuwa imeshachangia mchanganyiko muda mrefu kabla haijapotea. Dawa yake ni nyepesi mno: kituo cha kulia kiwe cheupe chenye uwazi kamili. Nilibadilisha namba moja, mstatili ukatoweka machoni, na nikajua kwamba ukungu wangu nao umepona.

Ajabu ni kwamba gradienti za CSS, zinazochorwa na vivinjari katika kurasa za wavuti, hazifanyi kosa hilo, kwa kuwa kanuni zake huagiza rangi izidishwe kwanza kwa kiwango cha kuonekana ndipo zichanganywe, na kwa hiyo rangi ya kituo kisichoonekana haina uzito wowote. Mtu aliyezoea njia moja akihamia nyingine atashangaa, na sidhani kwamba anastahili kulaumiwa.

Kwa kuwa ukurasa wa majaribio ulikuwa umeshafunguka, niliendelea. Nilichora miduara miwili myeusi inayopandana kidogo, nikaipa kila mmoja nusu ya kuonekana. (Nilichagua nusu kwa makusudi, maana programu nyingine huhesabu uwazi na nyingine huhesabu kinyume chake, na asilimia 50 ndiyo namba pekee ambapo wote wanakubaliana.) Sehemu ya kila mduara peke yake ilisoma 128, na pale ilipopandana ikasoma 64, kwa sababu mduara wa juu huzuia nusu ya mwanga uliokwisha kupunguzwa nusu na ule wa chini. Kisha niliirudisha miduara kuwa myeusi kabisa, nikaifunga pamoja kuwa kundi, na kulipa kundi lenyewe ile asilimia 50. Alama ya kupandana ikafutika, kila mahali pakasoma 128. Programu huchora kundi zima kwanza pembeni, kama vile kwenye karatasi nyingine, ndipo hulififisha na kulilaza juu ya ukurasa. Anayechora kivuli cha mti kwa majani mengi ana haja ya kuijua tofauti hii, la sivyo kivuli chake kitajaa madoa kila jani linapokutana na jingine.

Nilipotia rangi, mpangilio nao ulianza kuwa na maana. Mduara mwekundu wenye nusu ya kuonekana, ukilazwa juu ya wa bluu wa namna hiyohiyo, ulitoa 191, 64, 128, yaani rangi ya waridi iliyokolea. Nilipougeuza ule wa bluu ukae juu, nikapata 128, 64, 191, yaani zambarau. Hesabu ya ulazaji huu iliandikwa na wataalamu wa michoro ya kompyuta, Thomas Porter na Tom Duff, mwaka 1984, na programu za kuchora tunazotumia leo bado zinaifuata.

Jaribio lililonichukua muda mrefu zaidi ni la gradienti kutoka nyekundu hadi kijani, bila uwazi wowote. Nilitarajia njano katikati, nikapata rangi ya matope: 128, 128, 0. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila namba za sRGB, yaani mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, hazipimi mwanga moja kwa moja, kwani 128 kwenye skrini hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Ukitaka nusu halisi ya mwanga wa kila rangi, namba zinazofaa ni 188, 188, 0, na hiyo ni njano ya kweli, ingawa si kali. Katika SVG ipo sifa ya kuomba mchanganyiko wa namna hiyo, lakini vivinjari kwa kawaida huipuuza kwenye gradienti, kwa hiyo mimi huongeza kituo cha tatu katikati kwa mkono na kukiandikia 188, 188, 0. Ni ujanja wa fundi, lakini unafanya kazi kila mahali.

Kuhusu ngazi zinazoonekana katika anga pana, niliwahi kuzilaumu programu bure. Skrini nyingi hutumia hatua 256 kwa kila rangi, basi nilipochora gradienti ya kijivu kutoka 40 hadi 60 kwa upana wa pikseli 1920, palikuwa na ngazi 21 tu za kugawana upana wote huo, kila moja ikichukua kama pikseli 90, na hakuna programu inayoweza kubuni ngazi ya 40 na nusu. Jicho nalo huzidisha tatizo: hukoleza mpaka kati ya ngazi mbili zinazokaribiana, jambo ambalo mwanafizikia Ernst Mach alilieleza mwaka 1865. Kutawanya chembechembe hafifu juu ya gradienti huvunja mipaka hiyo, nami sasa sichori anga la usiku bila chembechembe.

Mwisho nilitoa faili katika fomati mbalimbali. PNG ilihifadhi uwazi wote bila shida. JPEG haina mahali pa kuuweka, kwa hiyo kila kilichopenyeka hulazwa juu ya rangi fulani, nyeupe au nyeusi, kwa hiari ya programu. PDF iliupata uwazi katika toleo la 1.4 mwaka 2001, na miduara yangu ilitoka salama. EPS ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa huandikwa kwa PostScript, lugha ya kuelezea kurasa za kuchapwa, ambayo haina uwazi wa namna hii hata kidogo. Nilipoukuza mchoro niliona kwamba pale miduara ilipopandana palikuwa pamegeuzwa picha ya pikseli, yenye kingo za meno kama msumeno, ilhali maandishi yaliyokuwa kando yake yalibaki laini. Kilima changu nimekitoa kwa PDF.