Siku Yangu kati ya Ubao na Sindano ya Baba

Saa kumi na moja alfajiri, kabla sijanawa uso, naenda kugusa chungu. Baba ana kisukari, na umeme ulikatika tangu jana jioni hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, kwa hiyo kichupa chake cha insulini kimelala ndani ya chungu kidogo kilichotiwa katika chungu kikubwa, na katikati yake kuna mchanga niliounyunyizia maji. Kichupa kisichofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ndiyo maana farmasi hunihifadhia vyangu katika friji yao, nikachukua kimoja kimoja. Kilichokwisha kufunguliwa huvumilia takriban wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25, na kwa hilo hewa ya Bukavu inatuhurumia kuliko ndugu zetu walioko kwenye joto la Uvira.

Saa kumi na moja na nusu tunapima. Namchoma ubavuni mwa ncha ya kidole, mahali pasipouma sana, na mashine inaandika 286, yaani miligramu za sukari katika desilita moja ya damu. Zamani ningetaharuki na kuongeza dawa kichwani mwangu. Leo ninakinusa kidole kwanza, nasikia harufu ya ndizi mbivu, naye Baba anakiri kwamba alimmenyea mjukuu wake aliyeamka na njaa. Ananawa kwa sabuni, anajifuta, tunapima upya: 148. Sukari ilikuwa juu ya ngozi tu, haikuwa katika damu, na kijiti kimoja cha kupimia kimepotea bure. Boksi lina vijiti 50. Kwa kupima mara mbili kwa siku linatosha siku 25, ikiwa hakuna anayemenya ndizi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache namwuliza mke wangu swali lile lile la kila siku: uji uko wapi? Insulini ya Baba ni ya mchanganyiko, hudungwa kama nusu saa kabla ya chakula, na sheria ya nyumba yetu ni kwamba sindano haitoki mfukoni mpaka sufuria iwe imeinjikwa motoni. Sindano ikishaingia hairudi.

Baba alikuwa fundi wa saa za mkono. Alishika kwa koleo skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, na sasa haoni mistari iliyochorwa kwenye bomba la sindano. Jambo hilo linamuumiza kuliko sindano yenyewe, kwa hiyo tumegawana kazi. Yeye hukiviringisha kichupa kati ya viganja, taratibu, mpaka dawa iliyotuama chini ichanganyike na kuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kukitikisa hakuruhusiwi. Mimi huingiza hewa kichupani, huvuta dawa hadi mstari alioandika daktari, na hugonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande juu yatoke. Leo ni zamu ya upande wa kushoto wa tumbo, kwa sababu kudunga mahali pamoja kila siku huleta vinundu, na kwenye vinundu dawa haiingii mwilini sawasawa. Tunahesabu hadi kumi, sindano inatoka, inatumbukia katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko.

Uji unafuata, na kidonge cha metformini, dawa yake nyingine ya kisukari, pamoja nao ili tumbo lisisumbuke. Saa moja kasoro robo niko njiani, nikishuka ngazi za udongo kuelekea shuleni.

Kuhusu shule sina mengi ya kusema leo. Tulikuwa kwenye sehemu na desimali. Saa nne, wakati wa mapumziko, nilipiga simu nyumbani kama kawaida ili kumkumbusha Baba kitafunio chake, lakini simu haikupokelewa. Nikajiambia kwamba ameiacha chumbani. Hilo ndilo kosa langu la siku hii, na sitaki kulipaka rangi.

Saa sita na dakika kumi akanipigia jirani yetu. Baba alikwenda kwenye kilio cha rafiki yake wa ujana, chini ya mtaa, akakaa na wazee tangu asubuhi, akaona aibu kutafuna mkate mbele ya wafiwa. Sasa alikuwa anatokwa jasho, anatetemeka, anamfokea mtu kwamba saa hii si yake. Waliokuwapo walidhani ni huzuni. Jirani aliwahi kumwona katika hali hiyo, naye hakudanganyika.

Nilimwomba mwalimu mwenzangu alisimamie darasa, nikapanda pikipiki. Nilipofika, jirani alikuwa amemshikia nusu glasi ya soda, na Baba amefumba midomo. “Hii si ndiyo uliyonikataza?” akaniuliza. Nilikosa jibu la haraka. Miaka minne nimeiita soda adui wa nyumba, nimewarudisha wageni na chupa zao, na sikuwahi kukaa naye nikamweleza vizuri kwamba iko saa moja ambayo soda hiyo hiyo ni dawa. “Leo kunywa, Baba,” nikamwambia, akanywa. Mashine iliandika 52: sindano ilifanya kazi bila kitafunio, sukari ikashuka mno.

Kinachofuata ni robo saa ya kungoja, na kwangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mkono unataka kummiminia glasi ya pili na ya tatu, ilhali nusu glasi, au vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, huwa inatosha kwa mara ya kwanza. Tulingoja tukitazama saa yake ya kutia ufunguo. Baada ya dakika kumi na tano: 84. Akala maharagi na kipande cha ugali, na uso wake ukarudi.

Watu wengi huniuliza sukari ya Baba imepanda kiasi gani; hakuna aulizaye imeshuka kiasi gani. Mimi huogopa zaidi ile ya kushuka, kwa kuwa ile ya kupanda mara nyingi hunipa muda wa kufika kituo cha afya, na hii hainipi.

Saa kumi na mbili jioni mashine ilionyesha 171. Sikudunga kabla ya kumpigia muuguzi wake, nikamsimulia yote, nikafuata alichosema. Kiasi chenyewe sikitaji, maana dawa ya Baba ni ya Baba peke yake. Tulikula dagaa wa sambaza, mboga nyingi za lengalenga, na ugali wa ukubwa wa ngumi, ambao yeye huuita ugali wa mahabusu.

Saa mbili usiku ninamwosha miguu. Napima maji kwa kiwiko changu, kwa sababu nyayo zake hazisikii tena moto, kisha namulika tochi katikati ya vidole nikitafuta mchubuko. Hakuna.

Halafu kijitabu: 148, 52, 84, 171. Namsomea kwa sauti, ananisikiliza kama anayesikiliza saa iliyotoka kutengenezwa.

“Andika pia kwamba nilikuwa kwenye kilio,” anasema.

Kijitabu hakina nafasi ya hilo. Naandika pembeni, karibu na 52.