Karatasi ya ukurasa wa 17

Kitabu chetu kilikuwa na kurasa 64 na mapengo mawili. Kilikuwa hadithi ya mashoga wawili, yaani wasichana marafiki, wa darasa la saba waliogombana kwa ajili ya fedha za mchango zilizopotea. Ukimaliza ukurasa wa 16 unajikuta wa 19, ukimaliza wa 46 unaangukia wa 49. Huo wa 49 ndio uliotutesa zaidi. Unaanza shoga mmoja amekwisha kuichana barua vipande vipande, ameketi kitandani analia kwa hasira. Barua yenyewe ilisemaje, hakuna aliyejua.

Ilikuwa Desemba 1996, likizo ya kidato cha pili, Ngamiani, Tanga. Tulikuwa wasichana wanne, na tulisoma kila kilichopita mbele yetu: magazeti yaliyofungiwa maandazi, vijitabu vya mapenzi vilivyofichwa chini ya godoro, visa vya mitume. Nyumbani kwa babu yangu kulikuwa na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ile iliyotoka nzima mwaka 1969, nami nilipenda kuanzia maelezo yake ya chini kabla ya aya. Mwenzetu mmoja, aliyetoka Muheza, alikuwa na Agano Jipya lenye jalada jekundu. Vitabu hivyo vyote vilipita mikononi mwetu bila kutengwa.

Babu alikuwa amestaafu kufundisha chuoni, na alijalidi misahafu barazani kwa malipo kidogo. Nilipompa kitabu chetu hakukifungua katikati. Alikitazama mgongo, akapitisha ukucha kwenye mkunjo.

"Mmepoteza karatasi moja tu," akasema.

"Babu, kurasa nne hazimo."

"Ndiyo hiyo moja."

Akachukua karatasi tupu akaikunja mara moja, tukaona. Kitabu cha pini ni karatasi zilizokunjwa na kuingizana, na kila karatasi hubeba kurasa nne, mbili mbele na mbili nyuma. Katika kitabu cha kurasa 64, kurasa zinazotazamana juu ya uso mmoja wa karatasi lazima zijumlike kuwa 65: 17 na 48, 18 na 47. Unyevu wa chumvi wa pwani ulikuwa umetia pini kutu, kutu ikala mkunjo, na karatasi ikatoka na pande zake zote mbili. Ndiyo maana pengo la mwanzo lina ndugu yake mwishoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wanaochunguza miswada ya kale huhesabu hivyo hivyo. Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, imeshonwa kwa mafungu ya karatasi ambayo kwa kawaida yana karatasi nne zilizokunjwa kuwa majani manane. Jani moja likikosekana, mtaalamu huuliza mwenzake wa upande wa pili wa mkunjo yuko wapi.

Nakala nzima ilikuwa kwa binamu wa mwenzetu mmoja, naye alikuwa anaondoka na basi la Lushoto Jumatatu alfajiri. Tulikipata kitabu Jumamosi baada ya adhuhuri. Kila mmoja alitaka nakala yake ya zile kurasa nne, kwa hiyo tukanunua kaunta buku moja, tukang'oa karatasi za katikati, na tukagawana kazi kwa njia mbili. Kurasa za 17 na 18 kila mtu alizinakili kwa macho, kitabu kikizunguka. Za 47 na 48, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na taa ilikuwa moja, mimi nilisoma kwa sauti na wenzangu watatu wakaandika. Yangu niliiandika mwisho, peke yangu, wao wamekwenda kula.

Jumapili asubuhi tulimpelekea Babu kwa furaha tupate kushonewa. Hakugusa sindano.

"Mmekabilisha?"

Hatukujua neno hilo. Akatuketisha wawili wawili: mmoja ashike nakala na kuisoma kwa sauti, mwingine ashike kitabu na kumfuata kwa kidole bila kusema lolote mpaka pasipolingana. Mwandishi mwenyewe haruhusiwi kusoma nakala yake, kwa sababu jicho lake litasoma alichokusudia kuandika, si alichoandika. Mwisho wa kila aya tulichora kiduara kitupu. Aya ikishasomwa na kulingana, kiduara kinatiwa nukta ndani. Kiduara kisicho na nukta maana yake hapo hapajaaminiwa bado. Nilidhani ni mtindo wa Babu tu, mpaka nilipokutana na maelezo hayo hayo kwa Ibn as-Salah, mwanachuoni wa elimu ya hadithi za Mtume aliyefariki Dameski mwaka 1245. Anawaeleza wanafunzi waache duara tupu baina ya hadithi na hadithi, kisha watie nukta wanapokabilisha.

Makosa yalijitokeza, na kila njia ilikuwa na makosa yake.

Katika kurasa tulizonakili kwa macho, wawili kati yetu tuliacha mstari mzima pale pale. Neno "dada yake" lilikuwa mwisho wa mstari wa sita na tena mwisho wa mstari wa saba. Unaandika "dada yake" ya kwanza, unainua macho kurudi kitabuni, yanatua kwenye ya pili, na unaendelea kwa amani. Sentensi iliyobaki inasomeka vizuri kabisa, ndiyo maana kosa hili ni baya kuliko yote: halijitangazi. Kodeksi ya Sinai imejaa mianya ya aina hiyo, mingine ikiwa imezibwa pembeni na mikono ya wasahihishaji waliokuja baadaye.

Kwenye imla kosa lilikuwa la sikio. Nilisoma "akapigiwa kura", wa Muheza akaandika "akapigiwa kula". Nilisoma "hadhi", mwingine akaandika "hazi". Waandishi wa Kigiriki waliteleza vivyo hivyo. Katika Warumi 5:1 miswada mingine ina "tuna amani" na mingine "na tuwe na amani", na tofauti yake ni ya o fupi na o ndefu, sauti ambazo kwa wanakili wengi zilikuwa zimekwisha kufanana. Miswada ya tenzi zetu ina shida ya jirani na hiyo, ila yake ni ya hati. Katika hati ya zamani ya Kiarabu herufi ba ilisimama kwa b, kwa p na hata kwa mb, na kasra, alama ya irabu, ilitosha kwa i na kwa e, hivyo "pita" na "peta" ziliandikwa sawa. Utenzi lakini una mlinzi wake: kipande kina mizani 8, ukihesabu ukapata 7 unajua pana kitu kimeanguka. Hadithi ya nathari haina mlinzi wa namna hiyo. Ina kukabilisha tu.

Babu hakuturuhusu kufuta wala kukwangua. Neno lililoachwa lilirudishwa hivi: unachora kistari kidogo wima baina ya maneno mawili palipo na pengo, unakipinda kichwa kuelekea pembeni, unaandika kilichoachwa huko pembeni, na mwisho wake unaandika "sahha", yaani ni sahihi. Bila "sahha" msomaji wa kesho atadhani ni maoni yako. Neno lililoandikwa vibaya linapigwa mstari mmoja mwembamba, lisomeke bado chini yake.

Kisha ikafika zamu ya nakala yangu ya ukurasa wa 48, palipo na barua. Mwenzangu wa Muheza alikuwa ameshika kitabu. Msomaji akasoma: "Nisamehe, shoga yangu." Kidole kikasimama.

Kitabu kilisema: "Nimekusamehe, shoga yangu."

Nilikuwa nimebadilisha kwa makusudi, nikalitetea. Aliyeiandika barua ndiye aliyechukua zile fedha, kurasa za nyuma zimelisema hilo wazi. Mkosaji hasamehi, huomba kusamehewa. Mpiga chapa alikosea, nami nimenyosha. Wenzangu wawili walikuwa upande wangu.

Babu hakubishana. Aliniamuru niandike neno la kitabu mahali pake, juu yake nivute alama ndogo kama kichwa cha herufi swadi, na "nisamehe" yangu niiweke pembeni. Alama hiyo husema: hivi ndivyo nilivyopokea, naona pana kitu, lakini sikugusa. Waliohifadhi Biblia ya Kiebrania walifanya jambo linalofanana na hilo, neno lililoandikwa likibaki ndani na lile la kusomwa likiwekwa pembeni. Na katika uhakiki wa Agano Jipya kuna kanuni ambayo Johann Albrecht Bengel, mtaalamu Mjerumani wa Biblia, aliiweka katika toleo lake la 1734: pakiwa na maneno mawili yanayoshindana, lile gumu ndilo lenye haki ya kutangulia, kwa kuwa mnakili hurahisisha, hagumishi. Niliposoma kanuni hiyo chuo kikuu nilimwona Babu na kalamu yake barazani. Hutumika kwa uangalifu, maana gumu jingine ni upuuzi mtupu wa mkono uliochoka. Lazima kwanza lijaribiwe na maneno yaliyolizunguka.

Hilo ndilo alilotuamuru tufanye alasiri ile, huku akipika gundi: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, moto mdogo mpaka weupe ugeuke kung'aa, na chembe ya mrututu ili mende wasikile kitabu. Karatasi mpya ilikuwa imeandikwa upande wa nje 48 kushoto na 17 kulia, upande wa ndani 18 kushoto na 47 kulia. Tukaiingiza mahali pake. Gundi ilipita kwenye mkunjo tu, upana wa ncha ya kidole, kwani ikizidi karatasi hukunjamana. Akatoboa matundu matatu. Uzi ulitoka ndani kupitia tundu la kati, ukaingia la juu, ukapita ndani hadi la chini ukatoka, ukarudi kuingia la kati, na ncha mbili zikafungwa juu ya uzi mrefu.

"Haya, someni kutoka 47, msisimame."

Nilisoma mimi. Nilisoma barua kama ilivyochapwa, "Nimekusamehe, shoga yangu", nikageuza, na kwa mara ya kwanza ukurasa wa 49 ulifuata wa 48. Shoga ameketi kitandani, vipande vya barua miguuni pake, analia kwa hasira. Mstari wa tatu, ambao tulikuwa tumeusoma labda mara ishirini bila kujua unajibu nini, ulikuwa unauliza: anisamehe mimi kwa lipi?

Babu akanipa kalamu, nikatia nukta.