Siku moja maishani mwangu: Mgeni aliyetaka sanamu

Saa kumi na mbili asubuhi nishakunywa chai kwa boflo, nimo kwenye daladala kutoka Mwanakwerekwe. Saa mbili niko Malindi ya hapa Unguja, nje ya geti la bandari, kitambulisho cha leseni kifuani. Wanaopita hapo hutuita sote papasi, yaani wanaong'ang'ania wageni mitaani. Mimi ni mtembeza wageni. Kazi hii nimeisomea, na ndiyo inayowasomesha wanangu.

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ikafunga gati. Mgeni wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Uingereza. Baada ya salamu tu: "Tuanze na sanamu ya Gurnah."

Nikamwambia, mama, katika njia zangu zote sijapata kuiona. Hakusadiki. Amesoma mahali kuwa ipo. Nikamweleza kuwa Abdulrazak Gurnah amezaliwa hapa Unguja 1948, amekulia Malindi hii hii tuliyosimama, ameondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 akiwa bado kijana, na 2021 akapewa Nobeli ya Fasihi. Yote hayo anayajua. Yeye anataka sanamu.

Basi tukazunguka. Forodhani, Shangani, Vuga. Kila penye uwazi anasimama, anatazama huku na huku, ananiuliza tena. Joto la kaskazi limetukaba, shati limenigandana mgongoni. Tulipofika Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, akampigia simu wakala wake, akanishitaki mbele za watu kuwa namficha kwa uvivu. Uvivu! Mzee mmoja akaweka kikombe chake cha kahawa chini: "Mwanangu, huyu mama kapotelewa na nini?" Nikamwambia. Akasema, "Mfahamishe, huku mtu tunamuombea dua, hatumchongi." Nikamtafsiria neno kwa neno. Akazidi kununa.

Nikampeleka Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana, palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Sanamu za watu ninazowaonesha wageni ndizo hizo: watu watano shimoni, minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya 1998. Hapo akanyamaza. Nikamkumbusha Yusuf wa kwenye Paradise, riwaya ya Gurnah, mtoto wa miaka kumi na miwili aliyetolewa na babake kwa tajiri kulipa deni. Yule hakufungwa mnyororo, lakini kwao harudi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha: "Na ile yake iko wapi?"

Kutoka hapo sikutazama saa tena. Miguu ilikuwa inawaka. Chini ya mti nikatoa mkobani nakala yangu ya Peponi, ndiyo hiyo Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nikamwambia kitabu kimetoka kwa Kiingereza 1994, kikatufikia kwa Kiswahili 2022. Miaka 28 mji wake umesubiri kumsoma kwa lugha yake. Fedha za kuchonga sanamu zikipatikana, mimi ningeomba zinunue vitabu, kila skuli ya Unguja na Pemba ipate kabati zima. Hilo nililisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Akakipekua, akanirejeshea.

Alipanda boti ya jioni bila kuacha bahashishi.

Usiku, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, binti yangu mkubwa alikitoa kitabu mkobani akanisomea tulipoishia jana. Nilisinzia Yusuf akiwa bado kwenye gari moshi.