Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mizani na majivu

Saa 10:30 alfajiri simu inaita. "Mjukuu wangu, nishaanza kushuka." Ni bibi yetu wa Choma, huko juu mlimani Uluguru. Ana tenga la mchicha kichwani na mwendo mrefu mbele yake. Ukishapigiwa simu hiyo, usingizi unaona aibu wenyewe.

Saa 12 nipo uwanjani, kwenye soko letu la wakulima wasiotumia sumu, hapa Morogoro mjini. Tunafagia, tunapanga meza, tunatundika mizani. Wa kujitolea tuko sita, na ujira wetu ni chai na mboga zilizobaki. Masharti ya kuuza kwetu ni mawili: uwe umelima mwenyewe, na shamba lako lisiwe limepuliziwa sumu. Viazi vinapimwa kwa kilo. Lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, waachie wenyewe huko magulioni.

Saa 1 matenga yanaanza kushuka. Mgeta wameleta viazi, karoti na njegere. Kinole wameleta ndizi, mdalasini na pilipili manga. Bibi naye kafika. Shikamoo, marahaba, kisha anaomba maji kabla hata ya kiti.

Saa 2 na dakika kama ishirini hivi, kazi ikaharibika. Mama mmoja alileta nyanya nzuri mno, zote za saizi moja, nyekundu kama zimepakwa rangi. Nikaokota moja. Kwenye kikonyo palikuwa na vumbi jeupe.

"Mama, hii nini?"

"Majivu, mwanangu. Ya wadudu."

Na majivu kweli wakulima wetu wanatumia, pamoja na mwarobaini na pilipili iliyotwangwa. Nikalowesha kidole, nikasugua. Majivu hukwaruza na huacha weusi kidogo. Hili liliteleza, likaacha unjanonjano. Nikanusa, nikajua ni dawa ya ukungu. Lakini kumwambia mtu mzima mbele za watu kwamba si mkweli, mimi huo moyo sina.

Bibi akaniokoa. Akasogea, akageuza nyanya mbili, akasema taratibu kwa Kiluguru, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Bondeni kwako mvua haijanyesha, mwanangu. Hizi umezinunua." Yule mama akanyamaza, halafu akasema alikuwa anatafuta ada ya shule ya mtoto. Basi. Nyanya zikarudi kwenye tenga, maboga yake mwenyewe tukampangia meza ya mbele, na Alhamisi majirani zake wawili watapita kuliona shamba. Ndivyo tunavyokaguana, mkulima kwa mkulima. Cheti cha kulipia, cha kuthibitisha kuwa shamba halina sumu, wangekitoa wapi?

Saa 4 hadi saa 6 ni patashika. Swali ni lile lile: mbona ghali kuliko sokoni? Huwa nawaonyesha mlima. Maji ya mto Ruvu yanaanzia huko, na Dar es Salaam wanayanywa. Sumu ikipuliziwa kwenye mteremko, mvua ikija haibaki shambani. Wengine wananielewa, wengine wanataka tu nipunguze mia mbili. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mpaka leo kuna mtu anakuja mikono mitupu, ananiangalia kana kwamba nimemfichia mfuko. Vikapu vya ukili vipo, baba, nunua kimoja.

Saa 8 tunafunga. Majani na maganda yanakwenda kwenye shimo la mboji, meza zinarudi stoo. Mgongo unauma.

Saa 1 usiku nakaanga nyanya chungu zilizobaki, simu inaita mara moja inakatika. Nampigia.

"Umefika, bibi?"

"Nimefika. Yule mama tumepanda naye. Tenga lake zito lile, nimemsaidia kubeba nusu."

"Nyanya zile zile?"

"Ulitaka azitupe?"

Akakata.